Utumwa Huanza Hapa Nyumbani

Katika Katiba tuliyoipitisha mwaka 2010 kimo kifungu kifupi mno, ambacho mtu aweza kukisoma kwa pumzi moja. Ni Kifungu cha 30. Chasema kwamba mtu yeyote asiwekwe utumwani wala asitumikishwe kama mtwana, na kwamba asilazimishwe kufanya kazi ya shokoa. Hakina orodha ya masharti wala ya wanaosamehewa. Na ili pasiwe na shaka yoyote, Kifungu cha 25 kimeitia haki ya kutofanywa mtumwa katika orodha ndogo sana ya haki ambazo hakuna awezaye kuzipunguza, awe ni Rais, Bunge au mahakama. Imewekwa humo sako kwa bako na haki ya kutoteswa.

Naandika leo kuuliza swali moja tu: maneno hayo mazito yanamlinda nani, na yanamlinda wapi? Nauliza kwa sababu kila mwaka vijana wetu kwa maelfu, hasa wasichana, huondoka nchini kwenda kufanya kazi katika nyumba za watu wasiowajua. Wengi wao hurejea salama, wakawa wamewajengea wazazi wao nyumba na kuwasomesha wadogo zao. Hao tunawapongeza. Lakini wako wanaorejea na makovu, na wako wanaorejea ndani ya jeneza.

Maneno ya Kifungu cha 30 hayakuanguka kutoka mbinguni. Pwani yetu inayajua vema. Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa mwaka 1873. Miaka miwili baadaye wamisionari wakaanzisha kijiji cha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili kuwapa makao watumwa waliokombolewa. Kengele iliyowekwa pale ndiyo iliyopapa mahali hapo jina la Kengeleni, na abiria wa matatu hulitaja jina hilo kila siku bila ya kukumbuka lilikotoka. Hata hivyo, utumwa haukupoteza uhalali wake wa kisheria katika pwani ya Kenya hadi mwaka 1907.

Ulipoondoka utumwa wa mnyororo, ukaingia utumwa wa karatasi. Katika Vita Vikuu vya Kwanza wazee wetu walikamatwa vijijini wakafanywa wapagazi wa jeshi, na mtaa wa Kariokor jijini Nairobi ungali unalichukua jina la kikosi chao. Vita vilipokwisha kikaja kipande, kilichoning'inizwa shingoni mwa kila mwanamume Mwafrika ili asiweze kumwacha mwajiri wake bila ya idhini. Mwaka 1919 Gavana Northey alitoa waraka wa kuwaagiza maofisa na machifu wawahimize Waafrika kwenda kufanya kazi katika mashamba ya walowezi. Na kila mtu alijua himizo la chifu lilikuwa na maana gani. Harry Thuku alipopinga kipande, kodi na kazi ya shokoa waliyofanyishwa wanawake na wasichana, alitiwa mbaroni Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiliwe wakapigwa risasi katikati ya Nairobi.

Nimeyakumbusha hayo kwa sababu moja. Aliyepokonywa uhuru wake enzi hizo hakufungwa kamba kila mara. Mara nyingi alifungwa kwa karatasi ambayo mwajiri peke yake ndiye aliyekuwa na uwezo wa kuitia sahihi. Msomaji na aishike picha hiyo, kwa maana tutaiona tena.

Katiba yetu ya zamani nayo ilikataza utumwa, katika Kifungu cha 73. Lakini iliendelea kuhesabu kazi ambazo hazikuchukuliwa kuwa za kulazimishwa, mathalani kazi zilizoitwa wajibu wa kawaida wa kijamii au wa kiraia. Katiba ya 2010 iliifuta orodha hiyo. Ilifanya pia jambo kubwa zaidi: katika Kifungu cha 20 ilisema kwamba Haki za Kimsingi zinavifunga vyombo vyote vya serikali na watu wote. Maana yake ni kwamba wakala wa ajira, mwenye shamba, na mwenye nyumba aliyemwajiri yaya, wote wanafungwa na Kifungu cha 30 kama anavyofungwa waziri.

Sasa na tuitazame hali ilivyo. Mwaka 2021 Wizara ya Mambo ya Nje iliieleza kamati ya Bunge kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki nchini Saudi Arabia katika muda wa takriban miaka miwili, wengi wao wakiwa watumishi wa nyumbani. Sababu iliyoandikwa mara kwa mara ilikuwa moyo kusimama. Wizara yenyewe ilitilia shaka maelezo hayo. Nani asingeyatilia shaka? Vijana waliopimwa na daktari na kuthibitishwa kuwa wazima kabla ya kupanda ndege, itakuwaje mioyo yao isimame kwa wingi kiasi hicho mara wafikapo ugenini?

Njia wanayopitia inafahamika. Huanza na mtu wa kijijini, mara nyingi jamaa au muumini mwenzao, anayekuja na habari njema za kazi. Mtu huyo humpeleka msichana kwa wakala wa mjini. Huko huahidiwa mshahara, chakula, siku ya mapumziko na nauli ya bure. Karatasi hutiwa sahihi upesi upesi, pengine usiku wa kuamkia safari, kwa lugha ambayo msichana haielewi barabara. Afikapo aendako, pasipoti huchukuliwa. Kazi aliyoahidiwa hugeuka, nyumba moja huwa tatu, na saa za kazi hazina mwisho. Akitaka kurudi huambiwa kwamba mwajiri alilipa fedha nyingi ili kumpata, kwa hivyo kwanza azirudishe. Hapo ndipo mtu hutambua kwamba yeye mwenyewe amekuwa deni.

Katika nchi za Ghuba mambo hayo yalipata nguvu kwa miaka mingi kutokana na mfumo wa kafala, ambao humfunga mfanyakazi kwa mwajiri mmoja, asiweze kumhama wala kuondoka nchini bila ya ridhaa yake. Saudi Arabia ilipoulegeza mfumo huo Machi 2021, ikawaruhusu wafanyakazi wengi wa makampuni kubadilisha mwajiri, iliwaacha nje watumishi na madereva wa nyumbani, watunza bustani na wachungaji. Yaani ilimfungulia aliye nje, ikamwacha aliyefungiwa ndani. Je, msomaji haioni karatasi ile ya kipande?

Wala asidhani mtu kwamba hili ni jambo la Waarabu pekee. Mwaka 2022 serikali yetu ililazimika kuwatahadharisha vijana juu ya kazi za uongo katika Asia ya Kusini-Mashariki. Walioahidiwa kazi nzuri nchini Thailand walijikuta wamevushwa hadi Myanmar, wakafungiwa katika majengo yenye walinzi na kulazimishwa kuwaibia watu fedha kwa njia ya kompyuta. Hao walikuwa na elimu na wengine walikuwa na shahada. Mtego ulikuwa ule ule, chambo tu ndicho kilichobadilika.

Kila yanapotokea maafa kama haya husikia majibu matatu, na yote matatu nayapinga.

Jibu la kwanza ni kwamba Katiba yetu haipandi ndege. Wasemao hivyo hudai kwamba maovu yametendeka katika nchi ya watu, chini ya sheria za watu, na Nairobi haina la kufanya. Hoja hii ina sura ya ukweli, lakini haina kiini chake. Sheria ya Kupambana na Biashara ya Kuuza Watu ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2012, haisemi kwamba kosa hutendeka siku msichana anapopigwa huko ugenini. Yasema kwamba ni kosa kumwandikisha mtu, kumsafirisha au kumpokea kwa hila, kwa vitisho au kwa kutumia vibaya unyonge wake, ilimradi nia ni kumnyonya. Uandikishaji huo haukufanyiwa Riyadh, ulifanyiwa katika ofisi iliyoko Nairobi au Mombasa. Ndege inapopaa, kosa limekwisha kutendeka, na limetendeka katika ardhi yetu, penye polisi wetu na mahakama zetu.

Tena Sheria ya Ajira ya 2007 iliweka mlango mwingine. Inataka kila mkataba wa kazi ya nje ushuhudiwe na afisa wa kazi wa serikali, naye hapaswi kuugonga muhuri mpaka aridhike kwamba mfanyakazi amekubali kwa hiari, bila ya kulazimishwa wala kudanganywa. Inataka pia mwajiri asiyekaa nchini aweke dhamana. Basi mkataba wa udanganyifu ukipita, ama haukuletwa mbele ya afisa, ama uliletwa naye akaugonga muhuri bila ya kuuliza. Vyovyote iwavyo, mlinzi wa mlango huo ni Serikali ya Kenya.

Na mlinzi aliyelala ana hatia. Juu ya hili naomba tujifunze kwa Niger. Nchi hiyo ilikuwa imekataza utumwa katika katiba yake, na mwaka 2003 ikaufanya kuwa jinai. Hata hivyo mwanamke mmoja, aliyeuzwa akiwa na umri wa miaka 12 na kutumikishwa kwa muda wa miaka tisa hivi, alipoachiliwa na kuolewa na mume aliyemchagua mwenyewe, alishtakiwa na bwana wake wa zamani na kufungwa jela kwa kosa la kuolewa na waume wawili. Sheria iliyotungwa ili imkomboe ilikaa kimya, na mahakama ya nchi yake ikamtia kifungoni. Alipeleka kesi yake katika Mahakama ya Jumuiya ya Uchumi ya Afrika Magharibi. Oktoba 2008 mahakama hiyo iliamua kwamba Niger, ingawa si serikali iliyomnunua mama huyo, ilikuwa na hatia ya kushindwa kumlinda, na ikaiamuru imlipe faranga milioni 10.

Kenya haimo katika jumuiya ile, lakini msingi wa hukumu hiyo umo katika Katiba yetu pia. Kifungu cha 21 kinaiamuru serikali iziheshimu haki, izilinde na izitimize. Kulinda ni tendo. Mwenye kutazama tu hakulinda.

Jibu la pili ni kwamba vijana hawa wamejitakia, na msiba wa kujitakia hauna kilio. Hutamkwa zaidi na watu walioshiba. Ndiyo, msichana alitia sahihi. Lakini alitia sahihi juu ya kazi moja, akapewa nyingine. Sheria imeliona jambo hilo: ridhaa ya aliyedanganywa si kinga kwa aliyemdanganya. Na hata asingedanganywa, hakuna mtu awezaye kujiuza. Haki ya kutofanywa mtumwa haina bei, wala mwenyewe hawezi kuitoa rehani.

Jibu la tatu ni kwamba dawa ni kuwazuia wasiende. Jambo hilo limejaribiwa. Mwaka 2014 serikali ilifuta leseni za mamia ya mawakala na kusimamisha safari za Ghuba, kisha mwaka 2017 ikazifungua tena. Umaskini haukungojea miaka hiyo mitatu. Ukifunga lango kuu bila ya kumpa mtu riziki, hupita njia za panya, ambako hakuna afisa, mkataba wala dhamana, na akipotea huko hata jina lake halimo katika daftari. Aidha, Kifungu cha 39 kinampa kila mtu haki ya kutoka nchini. Hatuwezi kuilinda haki moja kwa kuivunja nyingine.

Linalobaki ni kuwalinda waendao, na hapa serikali haina udhuru. Yenyewe ndiyo inayowahimiza vijana watafute kazi ng'ambo na kufunga mapatano na nchi zinazowapokea. Yenyewe ndiyo inayofurahia mavuno. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walileta nyumbani karibu dola bilioni 5, na fedha hizo huisaidia shilingi yetu kusimama. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Taifa linalokula jasho la binti yake na lithibitishe kwamba ni mzazi wake.

Kabla sijasema nini kifanyike, sina budi kugeuza kidole kituelekee sisi wenyewe. Nyani haoni kundule. Tunawalaani matajiri wa ng'ambo kwa kuwafungia watumishi, ilhali katika mitaa yetu wako wasichana wanaoamka saa kumi alfajiri na kulala saa sita usiku, wasiojua siku ya mapumziko, wanaotumiwa mshahara wao kwa wazazi ikiwa mwajiri atakumbuka. Wengine ni watoto waliotolewa shuleni. Na tulitazame neno tunalowaita magazetini na majumbani: kijakazi. Mjakazi katika lugha yetu ni mtumwa wa kike, mwenziwe mtwana. Tumelirithi jina hilo kutoka enzi za watumwa, tukamvika mfanyakazi ambaye Sheria ya Ajira inamtambua kama karani wa benki, na ambaye amri za mishahara ya chini zinamtaja. Kifungu cha 41 kinampa ujira wa haki na mazingira ya kazi yafaayo. Kifungu cha 53 kinamlinda mtoto asinyonywe kwa kazi. Mwajiri anayeficha kitambulisho cha yaya wake ili asiondoke ni ndugu wa yule anayeficha pasipoti.

Sasa nini kifanyike? Sitoi wito wa sheria mpya, kwa maana sheria tunazo. Nataka zilizopo zitumike.

Kwanza, mikataba ya kazi za nje isomwe mbele ya afisa wa kazi kwa lugha anayoielewa mfanyakazi, naye awepo kwa mwili wake, siku kadhaa kabla ya safari. Nakala moja iachwe kwa jamaa zake. Mzazi aliye na nakala ana la kushika mkononi siku simu ya mwanawe inapozimwa.

Pili, waendesha mashtaka waache kuwapunguzia wauza watu makosa yao. Anayepatikana na hatia ya biashara ya kuuza watu hufungwa miaka isiyopungua 30, au hutozwa faini isiyopungua shilingi milioni 30, au yote mawili. Lakini tendo hilo hilo likiandikwa kuwa ni kupata fedha kwa udanganyifu, kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Wakala akifanikiwa kumrudishia mzazi nauli na kesi ikafutwa, huwa amenunua ruhusa ya kumtafuta msichana mwingine.

Tatu, balozi zetu katika nchi wanazokwenda wafanyakazi hawa ziwe na maofisa wa kazi wa kutosha na mahali pa kumhifadhi anayekimbia. Mfanyakazi aliyepokonywa pasipoti asiambiwe arudi na pasipoti ndipo ahudumiwe.

Nne, kila Mkenya afaye kazini ng'ambo akaletwa nyumbani, maiti yake ipimwe hapa na daktari wa serikali, na jamaa zake wapewe ripoti kwa maandishi. Cheti kinachosema tu kwamba moyo ulisimama hakitoshi. Mioyo ya wafu wote imesimama.

Tano, Hazina ya Kuwasaidia Waathiriwa iliyoanzishwa na sheria ya 2010 itiwe fedha, ili anayerejea apate matibabu na mahali pa kuanzia. Asipokewe uwanja wa ndege kwa maswali kana kwamba yeye ndiye mhalifu.

Na kwa mawakili wetu nina neno. Kifungu cha 22 kinamruhusu mtu yeyote kwenda mahakamani kudai haki iliyovunjwa, hata kwa niaba ya mwingine asiyeweza kujitetea, na mlalamishi hatozwi ada ya kufungua kesi hiyo. Mlango huo u wazi. Nangojea siku mama mmoja wa kijijini atakapoifikisha serikali mbele ya Mahakama Kuu, aiulize nani aliyeugonga muhuri mkataba wa bintiye, na alimuuliza nini kabla ya kuugonga. Swali hilo likijibiwa kwa kiapo mara moja tu, mihuri mingi itaanza kugongwa kwa uangalifu.